Programu ya Duka Kutoka Mezani Hadi Mkononi: Tathmini ya Toleo la Kishikwambi

Programu ninayoitathmini hapa ni ya mauzo na hesabu ya bidhaa. Kwa miaka mingi imetumika kwenye kompyuta za mezani katika maduka kadhaa ya leso na vitambaa ya Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, na sasa walioitengeneza wameitolea toleo la kishikwambi chenye skrini ya mguso. Nimeiona ikifanya kazi katika duka la ami yangu, ambako mimi ndiye ninayesaidia kufunga hesabu za mwezi, kwa hiyo nimeitumia pande zote mbili: mbele kwenye kaunta, mteja akiwa amesimama, na nyuma stoo, ankara zikiwa zimetandazwa. Jina la programu na la kampuni sitalitaja, kwa sababu mjini zipo nyingi zenye asili kama hii, na mwenye duka atakayeletewa yoyote kati ya hizo atafaidika zaidi akijua la kukagua kuliko akijua jina la kukwepa. Hukumu yangu ni kwamba upande wa mauzo umefikiriwa upya na unastahili kulipiwa, lakini upande wa stoo umebebwa ulivyo kutoka kompyuta ya mezani ukawekwa kwenye kioo, na humo mtumiaji anahangaika.

Ili kuuelewa uamuzi huo ni lazima kuelewa kwanza leso inavyouzwa. Mteja haji kaunta na kitu mkononi akangoja kulipa. Anasimama mbele ya rafu, anaomba afunguliwe hii na ile, anatazama pindo, anatazama mji (sehemu ya katikati), kisha anasoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na mara nyingi jina ndilo linaloamua, kwa sababu leso hiyo inakwenda kwa wifi au kwa mama mkwe na ujumbe wake lazima uwe ndio wenyewe. Muuzaji wakati wote huo yuko naye, mikono imejaa nguo. Kompyuta ya mezani iko kwenye pembe, karibu na droo ya pesa, na kwa mtindo wa zamani muuzaji alikuwa akimpigia keshia kelele za namba za bidhaa, keshia akiziandika, na namba moja ikisikika vibaya basi stoo inapungukiwa na leso ambayo bado iko rafuni. Kishikwambi kinampelekea muuzaji programu pale pale mauzo yanapofanyika. Hilo peke yake ni jambo kubwa, na linaeleza kwa nini watu wa mtaa huu walikipokea kwa hamu hata kabla ya kukijaribu.

Ugumu unaanzia kwenye kidole. Kipanya, ambacho Douglas Engelbart alikionyesha hadharani mwaka 1968, kina mshale ambao ncha yake ni nukta moja tu ya skrini, na programu za mezani zimejengwa juu ya uwezo huo wa kulenga kitu kidogo: vijishale vya kufungulia orodha, alama ya kufungia dirisha, mistari ya jedwali iliyobanana. Kidole hakina ncha ya namna hiyo. Kinagusa eneo, tena kinalifunika eneo lile lile kinalogusa, hivi kwamba mtu haoni alichokibonyeza mpaka ameinua mkono. Watafiti Parhi, Karlson na Bederson waliopima jambo hili kwa kidole gumba mwaka 2006 walipendekeza vitufe vya upana wa milimita 9 na ushei. Apple huwataka wabunifu wake wasishuke chini ya pointi 44, na Google huweka vipimo 48 vya skrini ya Android, ambavyo navyo vinafika milimita 9 hivi. Kabla yao wote, mwaka 1954, Paul Fitts alikuwa ameshaonyesha kwamba muda wa kufikia kitu unategemea umbali wake na upana wake kwa pamoja. Niliweka rula juu ya kioo cha kishikwambi cha ami. Vitufe vya ukurasa wa mauzo vina upana unaozidi sentimita moja. Vijishale vya ukurasa wa stoo havifiki hata nusu ya hapo.

Ukurasa wa mauzo ndio uliofanya nibadili maoni yangu kuhusu kampuni hii. Kwenye kompyuta ya mezani bidhaa huorodheshwa kwa namba na maelezo mafupi. Kwenye kishikwambi kila leso ina picha, na picha hiyo imepigwa ili pindo na jina vionekane pamoja, basi muuzaji anatambua kwa jicho bila kusoma namba yoyote. Akitaka kutafuta, anaandika neno moja lililomo katika jina, na programu inamletea zote zenye neno hilo. Hapa naona mtu aliyekaa dukani na kutazama, kwa kuwa hakuna mteja wa Mombasa anayeomba leso kwa namba. Anaomba kwa jina, au nusu ya jina, au jina lililokosewa kidogo, na programu inavumilia hata herufi moja iliyokosewa.

Kadhalika vipimo. Leso ya rejareja huuzwa kwa jozi, ya jumla kwa korja (ishirini ishirini), na vitambaa hukatwa kutoka kwenye jora, yaani mtumba mzima wa kitambaa, kwa mita. Toleo la mezani lilikuwa na orodha ya kushuka ya vipimo ambayo mtu aliifungua kwa kijishale, akachagua, ikajifunga. Toleo la kishikwambi limeviweka vipimo vyote vitatu wazi kama vitufe vilivyo kando kwa kando, na chini yake kuna vitufe vya nusu na robo, hivyo mita mbili na nusu inapatikana kwa miguso miwili bila kutafuta alama ya nukta. Huenda jambo hili likaonekana dogo kwa mtu anayeuza simu au viatu. Kwa muuza vitambaa ndiyo kazi ya siku nzima.

Kuna mjadala kuhusu kibodi ya tarakimu ambao sikutarajia kuukuta hapa. Vikokotoo vyote vya dukani huwa na 7, 8 na 9 juu, ilhali simu zina 1, 2 na 3 juu, na vijana wa duka wamezoea simu kwa sababu ya M-Pesa, wakati ami na rika lake vidole vyao vimefundishwa na kikokotoo. Watengenezaji wameacha mpangilio wa kikokotoo, ila ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kuugeuza, na kila muuzaji anapoingia kwa namba yake ya siri anapata mpangilio wake. Ningependa kuona utaratibu kama huu katika programu nyingi zaidi.

Jingine la kusifiwa ni namna makosa yanavyorekebishwa. Programu za mezani zina tabia ya kuuliza mtu kama ana hakika, kwa kidirisha kidogo kilichotokea katikati ya skrini chenye vitufe viwili vilivyokaribiana. Mtu mwenye kipanya anasoma na kuchagua. Mtu anayegusa kwa haraka huku mteja akimsubiri anabonyeza chochote ili kidirisha kiondoke. Hapa wamekiondoa kabisa. Ukifuta leso kwenye mauzo, inafutika mara moja, na chini ya skrini unabaki mstari wenye kitufe kipana cha kurudisha, unaodumu kwa muda wa kutosha hata kwa mtu aliyegeuka kumjibu mteja mwingine. Kitufe cha kukamilisha malipo kimetengwa peke yake upande wa pili wa skrini, mbali na cha kufuta.

Utengano huo una faida nyingine ambayo sijui kama waliikusudia. Skrini za aina hii hutambua kidole kwa mabadiliko ya chaji ya umeme juu ya kioo, na tone la maji au jasho linaweza kuonekana kama mguso, au likauvuruga mguso wa kweli. Msimu wa kaskazi, duka likiwa wazi upande wa barabara na feni ikizungusha hewa ya moto, hakuna mkono mkavu. Vitufe vilivyo mbalimbali na vipana vinasamehe jambo hilo. Vilivyobanana vinageuza kila tone kuwa hesabu isiyo sahihi. Rangi nazo zimebadilishwa, maandishi ya kijivu juu ya kijivu ya toleo la mezani yakawa meusi juu ya meupe, na kwa sababu hiyo skrini inasomeka hata mtu akisimama mlangoni saa sita za mchana.

Sasa niingie stoo.

Ukurasa wa kupokea mali ni jedwali lile lile la kompyuta ya mezani, safu kwa safu, kuanzia namba ya bidhaa hadi bei ya kununulia, bei ya rejareja, bei ya jumla, tarehe, aliyeleta na kadhalika, zote zimebanwa ndani ya upana wa kishikwambi. Mistari imekaribiana kiasi kwamba ukigusa mmoja unaweza kufungua wa juu yake au wa chini yake, na kwa kuwa kidole kimefunika, hujui. Ukitaka kuona safu za kulia lazima usogeze jedwali kwa kidole, lakini ukurasa wenyewe nao unasogea, na kila mara inabidi kubahatisha kipi kitakachotangulia kusogea. Ukigusa chumba cha kuandikia bei, kibodi inachomoza kutoka chini na kufunika nusu ya skrini, pamoja na chumba hicho hicho unachoandika na kitufe cha kuhifadhi. Unaandika bei ambayo huioni. Kisha unafunga kibodi, unaangalia, unafungua tena. Mzigo mmoja wa leso mpya wenye majina mengi tofauti, ambao keshia kwenye kompyuta huumaliza kabla chai yake haijapoa, kwenye kishikwambi unakula asubuhi.

Baya zaidi ni yale yaliyofichwa. Katika toleo la mezani kubofya kitufe cha kulia cha kipanya kunafungua menyu yenye kazi muhimu: kugawanya mzigo, kurudisha bidhaa mbovu kwa mwenye jumla, kubadilisha bei ya kundi zima. Katika kishikwambi menyu hiyo hiyo inafunguliwa kwa kubonyeza mstari na kushikilia. Hakuna alama yoyote inayoonyesha hivyo. Nilipokuwa nikimwonyesha ami, nilimwambia aweke kidole asikiinue mpaka menyu itokee, naye akanitazama akasema, "Mwanangu, nitajuaje kwamba hapa pana kitu, na hapana alama?" Mbunifu wa programu alipaswa kujiuliza swali hilo kabla ya kuuza. Vivyo hivyo maelezo madogo yaliyokuwa yakitokea mtu anapoelekeza mshale juu ya alama bila kuibofya yamepotea, kwa kuwa kidole hakielei juu ya kitu. Kinakigusa au hakikigusi. Alama zimebaki bila maelezo, na kati yake ipo moja yenye umbo la kisanduku na mshale ambayo mpaka leo kijana wa duka anaikwepa kwa hofu ya kuharibu.

Kosa la kutumia sura moja kwa mazingira mawili si geni, na liliwahi kutendwa kwa upande wa pili na watu wenye uwezo mkubwa zaidi. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, ambayo ukurasa wake wa kuanzia ulijaa vigae vikubwa vilivyofaa kidole, na kitufe cha Start kilichokaa pembeni mwa skrini tangu Windows 95 kikaondolewa. Wengi waliokuwa na kompyuta za mezani hawakuwa na skrini ya mguso hata kidogo, wakajikuta wanatafuta kwa kipanya vitu vilivyopangwa kwa ajili ya mkono. Mwaka uliofuata Windows 8.1 ikakirudisha kitufe. Huko kidole kililazimishwa mezani. Stoo ya programu hii imelazimisha kipanya mkononi.

Zipo njia zilizokomaa zaidi. Katika programu huria, mradi wa KDE una zana ya kutengenezea programu iitwayo Kirigami tangu 2016, na mradi wa GNOME una libadwaita, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwishoni mwa 2021. Zote mbili humwezesha mtengenezaji kuandika programu moja ambayo kwenye skrini pana inaonyesha orodha upande mmoja na maelezo upande mwingine, na skrini ikiwa nyembamba inavikunja viwili hivyo kuwa kurasa mbili zinazofuatana. Jedwali la stoo lingepona sana kwa utaratibu huo: orodha ya majina ya leso kwanza, na ukigusa moja, ukurasa wake wenye vyumba vipana vya bei, kimoja chini ya kingine, vikijisogeza juu kibodi inapochomoza.

Hata hivyo sidhani kwamba kukunja kurasa kungetosha, kwa sababu upana wa skrini ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni mwili wa anayetumia. Kuuza ni kazi ya kusimama, mkono mmoja umeshika kishikwambi na mwingine uko huru kwa dakika chache, macho yakihama kati ya kioo na uso wa mteja. Kupokea mali ni kazi ya kuketi, ankara iko mezani, mikono yote miwili iko huru, na mtu anataka kuona mambo mengi kwa wakati mmoja ili ayalinganishe. Kulihamisha jedwali zima kwenda kwenye kazi ya kusimama ni kulipeleka mahali pasipo na mwenye nafasi ya kulisoma. Mtu aliyesimama stoo ana mahitaji machache: kuhesabu kilichopo, kupiga picha ya leso mpya, na kuweka alama kwamba furushi limefika. Kama kishikwambi kingepewa hayo matatu tu, na bei na mambo ya mwenye jumla yakaachwa kwenye kompyuta ya mezani, ningeandika tathmini fupi kuliko hii.

Kinachopaswa kuwa kimoja kati ya vifaa hivyo viwili ni kumbukumbu, na hapo kampuni imefanya kazi nzuri. Stima ikipotea kompyuta inazimika lakini kishikwambi kinaendelea kuuza kwa betri yake, mauzo yanawekwa ndani, na mtandao ukirudi yanapelekwa kwa mpangilio wa saa zilipofanyika. Ikitokea wauzaji wawili wameuza jozi ya mwisho ya leso moja kwa wakati mmoja kwenye vifaa tofauti, programu haikatai yoyote. Inaandika upungufu na kumwonyesha mwenye duka kwa rangi nyekundu, kwa kuwa leso zimeshachukuliwa na kukataa hesabu hakutazirudisha. Malipo ya M-Pesa yanayoingia kwenye till (namba ya malipo ya duka) huonekana kama orodha fupi, na muuzaji anagusa yanayolingana na mauzo yake.

Kwenye ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), kuna kasoro moja ya kubuni ambayo ni rahisi kurekebishwa. Mteja wa biashara akitaka ankara yenye PIN yake ya KRA, yaani namba yake ya mlipakodi, muuzaji lazima aiandike, na PIN hiyo ina herufi moja mwanzoni, tarakimu 9 katikati na herufi nyingine mwishoni. Programu inafungua kibodi ya kawaida, kwa hiyo mtu anaandika herufi, anahamia kwenye tarakimu, anarudi kwenye herufi, huku mteja akimsomea polepole kutoka kwenye simu. Kwa kuwa umbo la PIN linajulikana na halibadiliki, kibodi ingeweza kujigeuza yenyewe. Vitufe vichache pia vimekata maneno ya Kiswahili katikati, dalili kwamba nafasi zake zilipimwa kwa lugha nyingine.

Kuhusu ununuzi, ada inatozwa kwa kila kifaa, kwa mwezi au kwa mwaka. Mwenye duka la rejareja ambaye mali yake inaingia mara chache na ambaye tayari ana toleo la mezani, aongeze kishikwambi kimoja cha mbele na atapata thamani ya pesa zake. Achague cha inchi 10, kwa kuwa kwenye kile cha inchi 8 picha za leso zinakuwa ndogo mno kusoma jina. Anayetaka kuachana kabisa na kompyuta ya mezani asifanye hivyo bado, na kama lazima, basi anunue kibodi na kipanya vya Bluetooth avitumie na kishikwambi wakati wa kupokea mali, maana Android inavikubali na kubofya kwa kulia kunafungua ile menyu iliyofichwa. Muuzaji wa jumla anayepokea marobota kila wiki hana anachokipata hapa kwa sasa. Yeyote kati yao asikubali kuonyeshwa programu ofisini kwa kampuni akiwa ameketi mbele ya bidhaa za mfano. Atake iletwe dukani kwake, iingizwe bidhaa zake mwenyewe, na aijaribu akiwa amesimama. Na alipe kwa mwezi, si kwa mwaka, mpaka ukurasa wa stoo utakapotengenezwa upya.